Gauni Lililofumuliwa Kiunoni

Kila asubuhi nililikuta gauni limefumuliwa kiunoni.

Sio kuchanika. Kufumuliwa! Mtu katoa nyuzi zangu taratibu, kaziweka kwenye kisahani changu cha chai. Na ufunguo wa chumba cha mavazi ninao mimi peke yangu.

Naitwa Glenys. Nashona mavazi ya filamu za kale. Safari hiyo tulikuwa kwenye jumba moja huko Yorkshire, Uingereza, tunapiga filamu ya enzi za Malkia Viktoria.

Gauni lenyewe lilikuwa la enzi hizo kweli. Hariri tupu, jeusi, la msiba. Mwigizaji wetu Tamsin ndiye aliyecheza mjane, na bosi wangu Ambrose alimtakia kiuno chembamba kama cha nyigu.

"Glenys, siku hizi unashona kwa mate?" akanitania mara ya kwanza.

Mara ya tatu hakutania.

"Likifumuka tena, tafuta kazi nyingine, mama."

Nikaligeuza ndani nje nitafute ubaya uko wapi.

Jamani, hariri haisahau. Tundu la sindano halizibiki. Nikayafuata yale matundu ya zamani kwa kidole. Kiuno kiliwahi kuachiliwa kidogo. Kikaachiliwa tena. Na tena. Halafu kikabanwa chote kwa mpigo.

Ndani kabisa ya mshono, kitambaa kilikuwa cha buluu.

Nikakaa chini. Enzi zile ukifiwa ghafla na huna nguo ya msiba, ulilitia rangi nyeusi gauni ulilokuwa nalo. Mwenye hili alikuwa mjamzito. Tumbo likaisha ghafla, kisha akamlilia mwanawe.

Roho iliniuma kama namjua.

Nikashona tena, nifanyeje? Tamsin akaja kuvaa. Kwanza koseti, ile nguo ngumu ya ndani ya kubana kiuno kwa kamba. Akashika meza kwa mikono miwili, mimi nyuma yake nikaanza kuvuta kamba.

Mkono wa baridi ukashika wangu.

Mikono ya Tamsin ilikuwa mezani. Mlango nimeufunga. Nikayakumbuka yale matundu ya kiunoni.

"Tamsin," nikanong'ona, "una mimba?"

Machozi yakamtoka.

"Si unajua, Glenys? Usimwambie Ambrose. Mwaka jana mimba iliniharibika, na hii nayo ikiharibika nitakufa. Ila nikisema wananitoa kwenye filamu."

"Ningejuaje mimi?"

"Si wewe unayenifumulia kiuno? Kila asubuhi nikipita nakuona dirishani umeinama na sindano. Na lile gauni lako la buluu."

Sina gauni la buluu. Sijawahi kuwa nalo.

Nikafungua koseti yote. Ambrose akagonga.

"Mnachelewesha watu! Kiuno tayari?"

"Leo hakuna kiuno, Ambrose. Nifukuze ukitaka."

Tamsin akatoka mwenyewe, tumbo mbele, akamwambia mwongozaji wa filamu kila kitu. Mwongozaji akalitazama tumbo lile, akasema, "Mjane mwenye mimba? Hii ndiyo itawaliza watu. Twende kazi."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Gauni halikufumuka tena hata uzi mmoja.

Ila kabla ya kulirudisha kwenye bohari ya mavazi, nilikuta kwenye kisahani changu uzi mmoja wa hariri. Wa buluu.

Ninachowaachia ni hiki: ukimwona mwenzio anabanwa na ananyamaza, muulize kabla hujavuta kamba. Mimi nilikumbushwa na yule mwenye gauni la buluu, ambaye hakuna aliyemuuliza.