Barua Namba Nne ya Papa Maliki

Saa moja na nusu asubuhi, Papa Maliki Lwamba anafuta vumbi mezani pake mbele ya posta ya Kalemie, mashariki mwa Kongo. Mashine ya kuandikia anaiweka kulia, daftari la jalada la kitambaa kushoto. Mashine haina maneno. Daftari ndilo lenye kesi.

Kwa miaka kumi na minane amewaandikia barua wasiojua kuandika, na wanaojua lakini hawauamini mkono wao. Daftarini mna barua kumi na mbili za mfano, alizoachiwa na karani mzee wa reli. Namba moja, ya kuomba kazi, huanza "Citoyen Mkurugenzi", yaani Mwananchi Mkurugenzi. Namba saba ni ya rambirambi. Mteja akikaa, Papa Maliki huuliza jina, hufungua namba, hunakili.

Majina ya kumcheka hayamkosi. Wauza mikate humwita Kasuku, vijana wa bandari Papa Kopi. Michel, mwandishi wa meza ya pili, humwita Mufuatishi, tena mbele ya wateja.

"Mimi sikasirike," anasema Papa Maliki. "Mutu anaomba kazi, njo anaomba kazi. Unataka niiombe na kucheza ngoma?"

Lakini namba nne ilimtia aibu. Ni ya mke kwa mume aliye mbali: "Tangu uondoke, mboga haina chumvi na mlango hauna wa kubisha." Ni maneno matamu, hilo lazima tukiri.

Mwezi wa tatu Mama Bibiane Mujinga, muuza ndagala, yaani dagaa, aliituma Kabimba, ambako mumewe, Kalenga, anachimba mawe ya chokaa. Huko wafanyakazi hulala chumba kimoja, na barua husomwa kwa sauti, kwani habari za nyumbani ni za wote.

Siku barua hiyo ilipofika, lori lilileta mbili. Ya Kalenga ilisomwa kwanza, watu wakapiga makofi. Ikafuata ya jirani yake wa kitanda: "Tangu uondoke, mboga haina chumvi..." Chumba kizima kikamalizia kabla ya msomaji.

Kalenga hakucheka. Alimtuma dereva wa lori kwa mkewe na maneno haya: "Bibi yangu ninamujua. Huyu mwenye kuandika, simujui." Miezi mitatu hakukanyaga nyumbani.

Kicheko cha Kabimba kilifika mjini. Papa Maliki, aliyezoea barua sita kwa siku, akabaki na moja au mbili.

Ndipo Bibiane alipomjia. "Papa Maliki, njo wewe umeharibu. Sasa utatengeneza."

Papa Maliki akafungua daftari. Mama akalifunga kwa kiganja. "Hapana. Uniulize mimi."

Papa Maliki anasema hakuwahi kumuuliza mteja kitu zaidi ya jina. Alikuna kichwa, kisha akauliza: "Mama, kwenu kuko nini yenye haiko kwa wengine?"

Bibiane akajibu: "Viatu vyake. Akitoka Kabimba viko na chokaa, ninamugombeza aviache inje. Mara ya mwisho hakusikia, akaacha nyayo nyeupe pa mulango. Ile nilikataa kupangusa. Ninapita pembeni."

Papa Maliki aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Alikwenda polepole, anakiri, kwa sababu hapakuwa na mstari wa kufuata.

Jumamosi iliyofuata Kalenga alishuka kwenye lori. Bibiane anasema kabla ya salamu mumewe aliinamia kizingiti, akazitazama nyayo zake kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu nje.

Sasa namba nne imechanwa daftarini. Papa Maliki ana miaka hamsini na saba, macho yanamsumbua, na mpango wake ni mmoja: kabla hajaacha kazi, aandike barua kumi na mbili zisizofanana. Amefikisha tatu. Michel naye, yule wa kumcheka, siku hizi anawauliza wateja wake swali lile lile.

Asubuhi hii anakaa mbele yake Mama Marthe, ambaye mumewe yuko Kongolo.

"Papa, uniandikie ile ya nyayo za chokaa."

Papa Maliki anavua miwani.

"Ile iko na mwenyewe, Mama. Wako akitoka, anaacha nini?"

Mama Marthe anaanza kufikiri. Papa Maliki anangoja, kalamu mkononi, daftari limefungwa.