Sauti Iliyomkataza Mzee Hopcyn Kufa

Emlyn Treharne alijaliwa akili ya mawe na maji, lakini sauti alinyimwa kabisa. Mungu hakupi vyote. Kwingine wangemsamehe; katika bonde lile la Wales, mwanamume asiye na nafasi kwenye kwaya ya kanisa alihesabiwa nusu mtu. Naye Emlyn, injinia wa mgodi wa makaa ya mawe, aliitaka kwaya kuliko cheo chake. Kila Pasaka alimwendea Mzee Hopcyn Beynon, mchimbaji aliyeongoza kwaya, kofia mkononi.

"Injinia, nakuheshimu sana," Hopcyn alimjibu kila mara, "lakini ukiimba wewe, kondoo wanashuka mlimani kuja kutazama nani anachinjwa."

Basi mwaka mmoja maji yaliyojaa mgodi wa zamani wa jirani yakabomoa njia na kuwafungia wachimbaji watano nyuma ya ukuta wa makaa, Hopcyn akiwa mmoja wao. Emlyn hakutuma mtu, alishuka mwenyewe na sururu. Walichimba, wakagonga ukuta, wakasikiliza. Kimya. Ili kuufukuza woga, Emlyn akaanza kuimba, wimbo mzima wa kanisa, beti zote.

"Injinia, jamani!" mchimbaji mmoja akalia. "Kama wapo hai, unawamalizia!"

Walicheka mpaka wakakaa chini, machozi yakichora mistari kwenye masizi. Na katikati ya kicheko kile, kutoka ng'ambo ya ukuta: ngo! ngo! ngo!

Ah, walichimba siku hiyo kama wendawazimu! Ukuta ulipotoboka, hewa iliyobanwa nyuma yake ilifyatuka, ikazima taa zote na kumbwaga Emlyn chali. Akainuka, akapenya gizani wa kwanza, akamvuta Hopcyn kwa mikanda ya suruali, wenzake wanne wakifuata.

Malkia wa Uingereza akatoa nishani kwa ushujaa huo. Mjumbe wake akaja kuibandika kifuani mwa Emlyn mbele ya kanisa, huku Morfydd, mke wa Emlyn, akigawa mikate midogo ya zabibu kwa bonde zima. Mjumbe akamwomba Emlyn aseme neno. Hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Mimi nataka kuimba kwaya," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Emlyn akatazama viatu vyake, na nishani ikamwelemea. Hopcyn peke yake hakucheka. Alisimama.

"Mle ndani tulishaagana," alisema. "Tumelala, tunangoja. Nikasikia mtu anaimba. Ingekuwa sauti nzuri, haki ya Mungu ningesema malaika hao wamefika, nikajifunika koti langu. Lakini ile? Nikawaambia wenzangu, mbinguni hawawezi kuruhusu uchafu huu! Bado tupo duniani! Gongeni ukuta!"

Akasogea pembeni, akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Njoo, mwanangu. Simama hapa, upande wa sikio langu bovu."

Wakaimba. Juu mlimani kondoo wakaanza kushuka, na hakuna aliyewafukuza.