Ndimu na Majivu kwenye Mtutu

Mimi ni mtoto wa mjini Malindi, na kwetu mwanamke alipimwa kwa masinia yake. Shaba ikifubaa, mawifi watasema. Kila Idi ikikaribia mama alitukalisha uani na ndimu na majivu ya jikoni, tukasugua mpaka sinia likatuonyesha meno yetu. Basi nilipoolewa na askari wa kiwanda cha chumvi huko Marereni, mwanzoni mwa miaka ya themanini, niliamini hakuna chuma cha kunishinda. Kiburi hicho kilimponza mume wangu, si mimi.

Chumvi ya Marereni haina adabu. Iliingia ndani ya kopo langu lililofungwa ikazila sindano za kushonea. Bawaba za milango zilikatika zenyewe. Na mume wangu alilinda ghala kwa bunduki ya marisau, mali ya kiwanda, iliyokaguliwa kila Jumamosi na msimamizi wa askari, mzee mmoja wa Mambrui aliyewahi kuwa jeshini.

Mzee yule ndiye aliyemfundisha kwamba ule weusi wa mtutu si rangi ya kupakwa kwa brashi. Chuma chenyewe hupikwa huko kinakoundwa mpaka kikaota ngozi nyeusi, nyembamba, ya kuzuia kutu. Alisema huko bara ngozi hiyo hudumu hata ikamzika mwenye bunduki, lakini kwetu, bila kupanguswa na kupakwa mafuta kila siku, haimalizi msimu. Na ole wake atakayeilaza bunduki katika mfuko wake wa ngozi, maana mfuko hunywa chumvi na unyevu. Tayari pale mkono unaposhika, weusi ulikuwa umelika, na mume wangu alikwisha kuonywa mara mbili kwa kutu. Mara ya tatu, aliambiwa, bunduki atapewa mwingine.

Masika ile paa la stoo ya silaha lilivuja, kila askari akaamriwa akae na bunduki yake nyumbani, sandukuni, chini ya kufuli. Risasi zilibaki kwa mzee. Juma hilohilo homa ikamwangusha mume wangu. Siku nne hakujua usiku wala mchana.

Ijumaa asubuhi ndipo nilipokumbuka kwamba kesho ni ukaguzi. Nikatoa ufunguo chini ya mto wake, nikafungua sanduku, nikaikuta bunduki ndani ya mfuko wa ngozi. Alikuwa ameitia humo kwa homa, hajui afanyalo. Nilipoivuta, lahaula! Mtutu mzima umeshika kutu kama misumari ya mtumbwi wa kale. Nilimwona mume wangu akifukuzwa, nikajiona nimerudi kwa mama na vyombo vyangu kichwani.

Mtu mwenye akili angemwamsha amuulize. Mimi nikakata ndimu.

Nilisugua tangu saa tatu mpaka adhana ya Ijumaa. Kutu ikatoka, na maji meusi yakatiririka na majivu. Nikafurahi nikidhani ni uchafu. Nikasuuza, nikafuta, nikaisimamisha ukutani. Iling'aa, nyeupe kama kijiko kipya, na mimi, mjinga wa Mungu, nikasimama mbele yake kuisifu.

Mume wangu alipoamka alasiri homa ikiwa imepungua, niliiweka mapajani mwake nikingoja shukrani. Akaitazama. Akapitisha kidole mtutuni, taratibu, mara mbili. Kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyeniona. Nikamwambia hapana, kwa nini? Akaomba mafuta ya bunduki. Kufikia magharibi chuma kile kilichovuliwa ngozi kilikwisha anza kuwa chekundu upya, na mafuta tuliyokipaka hayakusaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikulala, nilihesabu majogoo.

Kulipokucha nilimkuta uani amechuchumaa na maganda yangu ya ndimu. Anayakamulia viganjani, anajipaka majivu hadi ndani ya kucha. Nilidhani homa imempanda kichwani. Nikamuuliza, akaniambia nikae ndani nisitoke, lolote nitakalosikia.

Mzee alikuja saa mbili. Nilisimama nyuma ya pazia. Aliishika bunduki, akaigeuzageuza, kisha akaileta puani. Mtu wa Mambrui huyo. Mama yake naye alikuwa na masinia.

"Hii imesuguliwa kwa ndimu," alisema. "Kazi ya mwanamke hii. Nani kaishika?"

"Mimi, mzee wangu."

"Lete mikono."

Akainusa mikono ya mume wangu, mmoja baada ya mwingine, akatazama kucha. Nilitaka kutoka. Wallahi nilishika pazia nitoke, nikaogopa. Mzee akatazama upande wa mlango wangu, akashusha pumzi, akasema basi, ameamini. Akaondoka na bunduki.

Mume wangu hakufukuzwa. Alipewa koleo, akaingizwa kwenye mashamba ya chumvi kuizoa pekupeku, kazi ya watu wasio na pa kwenda. Nilimfokea wiki nzima, kwa nini hakusema ni mimi? Siku moja akachoka nami.

"Silaha ikishikwa na asiye na ruhusa hawamwiti mume," alisema. "Wangekuja polisi kukuchukua wewe."

Sikumfokea tena.

Miaka minne alizoa chumvi. Nyayo zilimpasuka hadi nyama, na viganja vikawa vya kuchana shuka. Kila jioni nilimkalisha mkekani, nikampangusa kwa kitambaa kikavu, nikampaka mafuta ya nazi, mikono kwanza halafu miguu. Sikuruka siku hata moja.