Kijiji Kilichoandikwa kwa Makosa

Maman Eulalie ni jirani yangu hapa Kasha, juu kabisa ya mji, pale nyumba za mbao zinapoishia na udongo kuanza kuteremka kila mvua ikinyesha. Ni Mutwa. Watu wa mjini wakiwa na adabu wanasema “autochtone”, mwenyeji wa asili. Adabu ikiisha, na inaisha haraka, wanasema “mbilikimo yule”. Kazi yake ni kufinyanga vyungu. Mtoto wangu Gisèle, wa miezi nane, akilia, ananyamaza kwenye mikono yake ya udongo kabla ya kunyamaza kwenye yangu. Mwanzoni sikupenda hilo. Sasa napenda, linanipa nafasi ya kufua.

Bwana yake anaitwa Apollinaire. Alizaliwa Kalangiro, kijiji kilichokuwa ndani ya msitu kabla msitu haujaitwa parc, hifadhi ya wanyama. Watu wake walitolewa huko bila kupewa hata kipande cha kupanda maharagwe, na tangu siku ile wenye parc wanasema kule hakujawahi kukaa mtu, walikuwako gorila tu. Mwaka huu, mwezi wa tano, Apollinaire alipanda huko kwenda kusafisha kaburi la baba yake. Walinzi walimshusha amefungwa kamba. Asali aliyokuwa nayo waliila njiani. Wakasema ni guide wa wanamgambo, anawaonyesha njia msituni.

Ofisi waliyompeleka naijua. Ofisa anayeandika mashtaka pale, OPJ kama tunavyomwita, ni mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na akili iliyokunjwa vibaya. Mji ulipobadilisha wakubwa, waasi wakaingia na serikali ikatoka, wenzake walikimbia. Yeye alibaki, akabadilisha picha ukutani tu. Zamani alikuwa anafunga watu kwa kosa la kuwasaidia hawa walioingia. Sasa anafunga watu kwa kosa la kuwasaidia wale waliotoka. Kiti ni kile kile, muhuri kaupata mpya. Apollinaire angekamatwa miaka miwili nyuma, angekuwa guide wa upande mwingine, kwa asali ile ile.

Jumatatu OPJ alimpa Eulalie karatasi ya mashtaka, yenye muhuri, akamwambia atafute chef wa kijiji wa kusaini nyuma yake kwamba Apollinaire ni mtu wake. Bila sahihi hiyo, Ijumaa lori litampeleka kambini kwa askari. Waliopelekwa kambini hatujasikia habari zao.

Eulalie alienda kwa chef. Walimwacha amesimama karibu na zizi la mbuzi hadi jua likageuka. Chef akatoka, akauliza huyo Apollinaire shamba lake liko wapi. Hana. Basi, akasema, asiye na shamba si mtu wangu, Batwa ni watu wa parc. Eulalie akaenda kwenye ofisi ya parc. Kijana wa pale, mwenye buti ambazo hazijawahi kuona tope, akamweleza polepole, kama anaeleza mtoto, kwamba ndani ya parc hakuna watu, kwa hiyo parc haiwezi kuwa na mtu wake. Aliporudi jioni aliniuliza jambo moja tu: kama chef hana mtu huyu, na parc haina mtu huyu, huyu anayelala amefungwa ndani ya cachot ni nani?

Akabaki monsieur Hugues, président wa chama cha kutetea haki za autochtones. Hugues si Mutwa, ni wa kabila la Mushi kama mimi. Ana banderole kubwa ya maandishi, ana tai, ana viti vya plastiki. Alimsikiliza Eulalie kwa huruma sana, akampiga picha, akamwambia ageuke kidogo ili machozi yaonekane. Mambo ya Apollinaire, akasema, yatazungumzwa kwenye atelier, semina yao ya mwezi wa tisa.

Alhamisi nilienda na Eulalie kwa OPJ. Nilikuwa napeleka Gisèle kupimwa uzito, na kituo cha afya kiko njia moja na ofisi ile. Kwenye benchi la kumngojea OPJ joto lilikuwa jingi, Eulalie akanipa ile karatasi nimpepee mtoto. Siku tatu alikuwa ameibeba kwa watu wanaojua kusoma, na hakuna aliyeisoma. Walitazama muhuri, wakamrudishia.

Mimi niliishia mwaka wa sita wa shule ya msingi, Kifaransa changu nakitafuta kwa kidole. Nilipepea, nikasoma, nikaacha kupepea. Mstari wa tano uliandikwa hivi: “arrêté dans son village de Kalangiro, à l'intérieur du parc”. Amekamatwa ndani ya kijiji chake cha Kalangiro, ndani ya parc. Nilimwambia Eulalie. Akataka nirudie. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu alificha mdomo kwenye kitenge chake, akacheka hadi mabega yakatikisika.

Walipomwita, aliingia na karatasi yake, nami nyuma na mtoto. Mlango ulibaki wazi kwa ajili ya joto. OPJ hakuinua macho.

“Chef amesaini?”

“Hapana, papa. Chef anasema sisi ni batu ba parc. Parc inasema kule hakukuwaka mutu. Njo nimekuya kwako, juu weye unajua.”

“Najua nini?”

“Kalangiro. Uliiandika.”

Alivaa miwani, akavuta karatasi aisome, lakini Eulalie hakuiachilia, wakaishika wote wawili. Nilitazama masikio ya OPJ. Yalianza kubadilika rangi hapo mstari wa tano. Miaka yote wakubwa wake, wa zamani na wa sasa, wanaapa kwamba kijiji hicho hakijawahi kuwapo, na yeye amekipigia muhuri.

“Hii ni kosa ya secrétaire,” akasema. Watu hawa hawakosi secrétaire wa kulaumu.

“Kosa iko wapi, papa? Kama kijiji haiko, mulimukamatia wapi? Na kama iko, mulimukuta kwake. Mutu kukutwa kwake ni kosa gani?”

Watu wa benchi la nje walikuwa wamesogea mlangoni. Muzee mmoja akasema kwa sauti ya kawaida, “Jibu maman, mukubwa. Na siye tunangojea.” Watu wakacheka kwa pua.

OPJ alishusha sauti. Akamwita maman, kwa mara ya kwanza. Akasema karatasi ikirudi kwake, ataandika nyingine nzuri, na bwana yake atatoka leo. Nilimfinya Eulalie mkono asikubali. Karatasi kama ile, nilifikiri, mwanasheria angeweza kuitembeza mbali. Aliniangalia kama anavyomwangalia Gisèle akishika kisu.

“Bwana kwanza,” akasema.

Akaishika hadi Apollinaire alipotoka nje ya geti, amekonda, anakohoa, anatafuta viatu vyake. Ndipo akaiachilia. OPJ aliichana vipande vinne, akatabasamu kama mshindi. Muache atabasamu.

Jumamosi Hugues alipanda hadi Kasha. Alikuwa amesikia habari. Alisimama mlangoni, jasho limefika kwenye tai, akatugombeza. Tumetupa preuve, ushahidi! Karatasi ile ingefika Kinshasa, ingefika Ulaya, haki za wote zilikuwa ndani yake, na mwanamke asiyejua kusoma ameirudisha kwa adui.

Eulalie alimaliza kwanza kumpakulia bwana yake.

“Papa Hugues, preuve ilikuwa inakohoa. Nimeileta nyumba, iko pale inakula. Ukitaka kujua Kalangiro iko wapi, muulize.”

Apollinaire, na fufu mdomoni, akaanza kutaja: njia ya kupandia, mto wa kwanza, kaburi la baba yake, kaburi la shangazi, jiwe la kunolea mashoka. Hugues alipapasa mifuko. Hakuwa na kalamu. Alikuwa na simu tu, ya kupigia picha.

Eulalie akamuonea huruma kwa jasho lile, akachota maji kwa kikombe alichonywea Apollinaire, akamnyooshea. Hugues akasema asante, amekunywa njiani. Njiani hakuna maji. Jibu hilo la kukwepa kikombe cha Mutwa nalijua vizuri, mwaka wangu wa kwanza hapa nililitumia mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja.

Mkono wa Eulalie ulikaa hewani kidogo. Kisha akainama, akampa Gisèle, naye akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, nusu ikamwagikia kifuani. Hugues akaangalia saa yake, akaaga, akashuka. Apollinaire alikuwa amefika kwenye mto wa pili.