Harusi ya Vikosi Vitatu

Wiki iliyopita, hapa ughaibuni, mjini Euless, baba wa bibi harusi, Mtanzania aliyewahi kufundisha historia, alisimama kwenye kikao cha kamati akatangaza kwamba harusi itaendeshwa kama jeshi la Uholanzi la karne ya kumi na nane.

“Waswisi na Waskoti waliitumikia Uholanzi kwa kukodiwa,” alisema, “lakini kila kikosi kilikuwa na maofisa wake na lugha yake.”

Basi wanakamati Wakongo wakapewa chakula, Wakenya muziki, Watanzania mapambo, na kila kikosi kikakatazwa kugusa kazi ya mwenzake.

Jumamosi tulikuta ukumbi umefungwa. Wageni walisimama juani, bibi harusi akiwa garini.

“Nani kachukua ufunguo?” niliuliza.

“Siye tuko batu ba chakula,” alijibu mama wa Kikongo, mikono kiunoni.

“Sisi ni ma-speaker tu, buda,” akasema Mkenya.

Watanzania wakainua maua yao.

Mzee alivua miwani, akaifuta polepole. “Ufunguo ni kazi ya Waholanzi wenyewe.”

“Na Waholanzi ni nani, baba?” binti yake aliuliza dirishani.

Nilipitia muhtasari wa kikao, ambao niliuandika mwenyewe. Tulikuwa tumekodi vikosi vitatu bila kumteua mwenye vita.

Bibi harusi alimwondoa dereva kwenye usukani, akakunja shela mapajani, akaondoka kuufuata ufunguo kwa mwenye ukumbi, mji wa Richardson. Wote walimpigia saluti, kila kikosi kwa mtindo wake.