Mwenye Funguo za Stoo ya Vipuri

Mtaani kwetu walimwita Mwenye Funguo, na yeye, kwa wepesi wa akili yake, alidhani ni sifa.

Alikuwa mtunza stoo wa idara ya maji. Stoo yenyewe ilikuwa banda la matofali nyuma ya ofisi, paa la bati, dirisha moja la nondo. Ndani, kwenye rafu za mbao, kulikuwa na kila kinachoharibika kwenye pampu ya mkono huko vijijini: beringi, minyororo, fimbo za chuma, valvu, na zaidi ya vyote mipira ya pistoni, vile vikombe vidogo vyeusi vinavyoyavuta maji kutoka chini ya ardhi. Mpira ukichakaa, mtu atapampu mpaka mabega yamtoke na asipate ila mlio wa chuma. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani. Ndicho hicho alichokilinda kama mboni ya jicho lake.

Hakuwa mwizi. Nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila siku, na kwa sauti. Hakuiba hata nati. Mwizi angekuwa na nafuu: angeviuza, na vikishauzwa vingefika kisimani. Huyu wetu kwake kutunza maana yake ilikuwa kutotoa. Rafu zikijaa, alilala usingizi wa mtoto mchanga. Kipuri kimoja kikitoka, aliliona pale pengo kama mtu anavyoliona pengo la jino la mbele, na siku nzima alikuwa analigusagusa.

Mafundi wa pampu walikuja kwa baiskeli kutoka vijijini, spana zimefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa tairi. Mmoja alikuwa fundi wa milimani, mtu mwembamba mwenye subira ya punda. Siku moja nilikuwa nimesimama getini nikimsubiri mtu wangu, nikasikia kila neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barua?"

"Hii hapa. Mwenyekiti ametia sahihi na muhuri."

Mwenye Funguo akaishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. "Muhuri umefifia."

"Si unasomeka, mzee?"

"Kwangu unasomeka. Akija mkubwa usimsomekee, nitamjibu nini?"

"Watu wanachota mtoni, mzee. Na ng'ombe wanakunywa hapohapo."

"Kwani kabla ya pampu walikuwa wanachota wapi?"

Fundi akaikunja barua yake, akapanda baiskeli akaondoka. Mwenye Funguo akatikisa kufuli mara mbili kuhakikisha limefunga, akarudi kitini na uso wa mtu aliyeliokoa taifa.

Mkewe alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la ofisi. Aliuza sabuni, nyuzi, viberiti na misumari. Mwanamke wa sauti nene, mwenye maneno machache, na hayo machache yalikata kama wembe. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu "kesho".

Kiangazi cha mwaka huo pampu ikafa kijijini kwa mama yake huyo mwanamke. Bibi wa watu akafunga safari mwenyewe hadi mjini. Akakaribishwa sebuleni, akakaa ukingoni mwa kochi, mkwewe akakaa mbali kwa heshima, macho sakafuni.

"Baba, sikuja kuwasumbua," mama mkwe alisema. "Pampu yetu imekufa. Fundi anasema ni mpira tu, kitu kidogo. Nikasema, kama ni hicho, si mwanangu ndiye mwenye stoo?"

"Nimekusikia, mama. Hilo niachie mimi."

Bibi akarudi kwao moyo umetulia, akawaambia wenzake maji yako njiani. Mkwe akishaahidi, nani atakwenda tena kumdai?

Mipira ilikuwa rafu ya pili, mkono wa kulia, umbali wa kunyoosha mkono. Mwenye Funguo aliipita kila asubuhi akiifuta vumbi. Mkewe akamkumbusha wakati wa kula, akamkumbusha wakati wa kulala. Mwisho akamuuliza waziwazi.

"Mama unampelekea lini?"

"Kijiji chao hakijaleta maombi kwa njia inayotakiwa. Nikianza na mama mkwe, kesho watasema napendelea."

"Basi usipendelee. Wape wote."

Mume alijitia kutafuta kiatu chini ya kitanda, na viatu alikuwa amevivaa.

Habari ikaja kwamba mama mkwe ameteleza kwenye ukingo wa mto, ndoo kichwani, akavunjika kifundo cha mkono. Mwenye Funguo akasikitika, hilo hatumnyimi. Akasema pole sana. Halafu, badala ya kunyamaza, akaongeza: "Naye mama angetuma mtu mwingine mwenye nguvu."

Mkewe hakumgombeza. Alikwenda kuosha vyombo. Alfajiri akafunga kibanda, akapanda basi kwenda jiji kubwa. Hakuijua pistoni wala pistoni haikumjua. Lakini alimpitia fundi aliyeifungua ile pampu ya kwao, akachukua mpira uliochakaa, akaufunga kwenye kitambaa. Aliingia duka la mashine, akaufungua juu ya meza ya muuzaji.

"Nataka kama hiki," akasema, "lakini kizima."

Alirudi na katoni kichwani. Mpira wa kwanza ukaenda kwa mama yake siku hiyohiyo, na kabla ya jua kuchwa maji yakatoka, machafu kwanza, kisha meupe. Iliyobaki akaitunga kwenye kamba kama shanga, akaitundika kibandani kati ya sabuni na viberiti. Fundi wa milimani ndiye aliyeiona kwanza. Aliruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama. Baada yake wakaja wengine, na kila aliyekuja alimwambia mama wa kibanda ni kipi kingine kinavunjika huko kwao. Safari iliyofuata alileta beringi na minyororo.

Nyumbani moto ukawaka.

"Unaniaibisha!" Mwenye Funguo alifoka, dirisha wazi, mtaa mzima unasikia. "Mke wa mtunza stoo anauza vipuri?"

"Na mtunza stoo anauza nini? Sura?"

"Hivyo vyako ni vya sokoni! Havina muhuri!"

"Maji hayaulizi muhuri, baba watoto."

Tukacheka mpaka jirani mmoja akamwagikiwa na chai. Tangu siku hiyo Mwenye Funguo akawa anakaa dirishani kwenye nondo zake, akitazama baiskeli zikipita geti bila kupunguza mwendo. Ikafika mahali akaanza kuwaita mwenyewe. "Karibu, fundi! Kuna nini leo?" Nao wakamjibu kwa adabu, jambo lililomuuma kuliko matusi: "Tumeshapata, mzee. Ahsante."

Malalamiko ya vijiji yalikuwa yamefika mbali, ndipo akaja mkubwa kutoka makao makuu. Akatoa amri mafundi wote waitwe na vipuri vigawiwe. Ungedhani Mwenye Funguo angetetemeka. Wapi! Alinyoa ndevu, akapiga pasi shati, akafungua kufuli polepole mbele ya umati kama anayefungua hazina ya mfalme. Siku yake ilikuwa imefika. Alikuwa amelinda, na sasa mkubwa ataona.

Mkubwa akaingia, akapandisha macho kwenye rafu. "Hongera. Stoo zote nilizopita ni tupu."

Mwenye Funguo akavimba kama chura.

Mkubwa akachukua mpira mmoja wa pistoni, akaubinya. Ukavunjika. Akachukua wa pili, ukakatika kama biskuti. Wa tatu ulimwagika vipande kabla hajaubinya sawasawa. Miaka yote ile chini ya bati, joto lilikuwa limekausha mipira mpaka ikawa makaa. Fimbo zilikuwa zimeota kutu. Minyororo ilikuwa imeshikana, ukiinua pingili moja unainua bonge. Vitu vipya hivyo, havijawahi kuona tone la maji, vimekufa kwa uzee. Mali ya bahili huliwa na dudu, wahenga walisema, ila bahili wa wahenga angalau mali ilikuwa yake.

"Hivi vimekaa humu tangu lini?"

"Tangu vilipoletwa, mheshimiwa," Mwenye Funguo akajibu, na sauti yake bado ilikuwa na fahari, maskini. "Sijapoteza hata kimoja."

Fundi wa milimani ndiye aliyecheka kwanza. Kisha uwanja mzima.

"Na ninyi mmekuwa mkipata wapi?" mkubwa akawauliza mafundi.

Walitazamana. Fundi wa milimani akanyanyua kidevu kuelekea barabarani. "Hapo ng'ambo. Kwa mama wa kibanda."

"Mama yupi?"

Hapo Mwenye Funguo akalazimika kulitamka mwenyewe. "Ni mke wangu, mheshimiwa."

Mkubwa akamtazama, akayatazama makombo meusi mkononi, akayapangusa kwenye suruali. "Basi nenda ukatuchukulie."

Wakampa beseni. Akavuka barabara nalo, mafundi wote wakimsindikiza kwa macho. Mkewe alikuwa anamfungia mteja sabuni. Hakuharakisha. Akamrudishia mteja chenji, akamtakia siku njema, ndipo akamgeukia.

"Nikusaidie nini?"

"Mipira," akasema kwa sauti ya chini.

"Ya kazi gani?"

"Ya pampu."

"Barua unayo?"

Mtu akisema Mwenye Funguo alilia pale, anaongeza chumvi. Alimsogezea tu beseni lake. Mkewe akashusha kamba, akamhesabia, akamjazia beseni. "Peleka," akasema. "Watu wanasubiri."

Hakufukuzwa kazi. Watu wa aina yake hawafukuzwi, wanahamishiwa kitu kingine cha kulinda. Stoo ilifagiliwa, ikajazwa viti vya mikutano, akaachiwa funguo. Tangu hapo mikutano ya idara watu husimama.

Aliwahi kuniambia kwamba mpira ule ulipovunjika, alijisikia kama mtu aliyekesha na mgonjwa kumbe ni maiti. Nusura nimhurumie. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona mama mkwe wake, na kwa mkono ule hadi leo hawezi kukamua nguo.

Siku ya kustaafu walimfanyia sherehe ndogo ofisini. Walimsifu kwa uaminifu, akatokwa na machozi. Mkewe hakuhudhuria; alikuwa amepeleka fimbo za pampu kijiji cha mbali, huko alikokuwa akifungua kibanda cha pili. Alirudi jioni amejaa vumbi, akamkuta mumewe mezani na boksi mbele yake.

"Wamekupa nini?"

"Saa ya ukutani."

"Mbona haitembei?"

"Haina betri."

Mwanamke akacheka mpaka akakaa. Kisha akatoa betri mbili kwenye mfuko wa bidhaa zake, akazitia mwenyewe, akampa saa yake, akamwambia aitundike sebuleni, mbali na chumba cha kulala, maana ilikuwa inapiga kelele kama nini.