Nilisoma cheti cha Mama Tumpe kanisani, nikaishia mstari wa kwanza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Hiki ninachoandika sikusimuliwa, nilikifanya mwenyewe. Nimebadili majina tu.

Mimi ni fundi wa spika na maiki, na miguu yangu haijawahi kutulia. Nilitoka Kahama na begi la nyaya, nikakaa Tabora, nikachoka. Nikadandia lori la mahindi mpaka Chunya, likakwama kwenye tope mara mbili, tukalala porini. Kutoka hapo Mbeya, kisha Tukuyu.

Nilishuka mvua inanyesha na mlima umefunikwa na ukungu. Nikajiambia wiki mbili zinatosha.

Nikakaa miaka minne.

Kilichonishika ni kanisa moja dogo la bati, upande wa Mpuguso. Wakuu, nimefunga spika kwenye makanisa mengi, nimeona watu wakiinuka kwenye viti vya magurudumu ambavyo hakuna jirani aliyewahi kuwaona wamevikalia. Hapa mchungaji alikuwa tofauti. Aliwahi kudanganywa na mtu aliyejifanya kipofu, akaweka sharti: hakuna ushuhuda wa uponyaji bila karatasi ya hospitali.

Alisema hata wakoma wa kwenye Maandiko waliagizwa wakajionyeshe kwa kuhani. Imani isiogope kupimwa.

Nilimpenda kwa hilo. Mpaka leo simuoni kuwa tapeli.

Kwa kuwa nilifika kidato cha nne na sauti ninayo, nikapewa kazi ya kusoma vyeti mbele ya waumini. Nilijiona mtu.

Nilipanga chumba kwa Mama Tumpe, mjane, mwanakwaya, kusoma hajui. Binti yake Tumpe alikuwa Dar. Mama yule alinilisha ndizi na maziwa ya mgando kama aliyenizaa, na kila nikitaja kuhama anauliza, "Unakimbia nini, mwanangu?"

Akaanza kukohoa. Zahanati wakasema TB, dawa miezi sita, achague jirani wa kumsimamia akimeza.

Akamchagua fundi Shabani, mshona nguo wa jirani, Muislamu ambaye babu zake walitokea Tanga. Kila asubuhi Mama Tumpe anameza mbele ya cherehani, Shabani anamtania, "Meza vizuri mama, huyu shahidi wako hali kitimoto, hawezi kusema uongo." Naye anamjibu, "Wewe shona, suruali ya mchungaji umekaa nayo tangu Pasaka."

Baada ya miezi miwili akapimwa tena. Akarudi na karatasi, uso unang'aa.

Jumapili nikaitwa kuisoma.

Mstari wa kwanza: vimelea havikuonekana.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, akina mama wanalia, mchungaji amepiga magoti. Mama Tumpe amesimama katikati, mikono juu.

Chini kulikuwa na mstari wa pili, mwandiko wa nesi. Aendelee na dawa mpaka amalize miezi sita.

Niliuona. Nikakunja karatasi, nikamrudishia.

(Kwa wasiojua: dawa zile zikifanya kazi, kipimo kinaweza kuwa safi wakati ugonjwa bado umejificha. Ndiyo maana unamalizia dozi. Nesi alimwambia, na mimi nilikuwa nalijua hilo.)

Jioni akaniuliza, "Sasa vidonge vya nini tena, mwanangu? Si umesoma mwenyewe?"

Nikamwambia amuulize mchungaji. Mchungaji naye hakuwahi kuiona ile karatasi, alisikia nilichosoma mimi. Akamwambia aliyemponya ameshamaliza.

Asubuhi Shabani akasubiri, mtu hatokei. Akanifuata.

"Ile karatasi ilikuwa na mistari mingapi?"

"Mmoja."

Akanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye cherehani.

Sasa hapa ndipo panaponiuma zaidi. Wiki kadhaa baadaye niko kwenye mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti za maiki, nimevaa hedfoni, kwaya inaimba. Nikasikia kikohozi. Kidogo, kimebanwa kwenye kitenge. Kanisa zima hakuna aliyesikia isipokuwa mimi.

Jumapili iliyofuata tena. Na iliyofuata.

Unajua nilifanya nini? Nilishusha sauti ya maiki yake. Yule mama akawa anaimba kwa moyo wote, na sauti yake haifiki popote.

Shabani ndiye aliyempeleka hospitali, mama mwenyewe tayari hawezi kutembea. Walimwanzishia dawa upya. Hakuwahi kutoka.

Tulimzika kwenye migomba yake. Spika nilifunga mimi. Mchungaji alihubiri kwamba mapenzi ya Mungu hayachunguziki, na nikaona Shabani ameinamisha kichwa.

Watu walipotawanyika Tumpe akanijia na Biblia ya mama yake. Ndani ilikuwemo ile karatasi. Tumpe anajua kusoma kuliko mimi.

"Kaka," akasema, "nisomee hapa chini."

Nikasoma. Safari hii hapakuwa na maiki.

Akaichukua, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. "Ndaga fijo, kaka." Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa.

Afadhali angenipiga.

Kesho yake kabla ya kuondoka nikapita kwa mchungaji, nikamwambia yote. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu ukweli: watu walikuwa na furaha, nikaogopa kuwa mimi wa kuikata. Nikamwachia mikisa, nikapanda gari la Mbeya. Sijarudi Tukuyu.

Kwa hiyo wakuu, nikiwakuta humu mkigombana imani na vipimo kipi ni kweli, huwa napita kimya. Kwa Mama Tumpe vyote viwili havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la msomaji.

Semeni mnachoona, hata kama ni matusi. Nitasoma mpaka mstari wa mwisho.